Manukuu ya Kiswahili ya Star Trek: kumbukumbu ya mradi, kipindi cha 25 kati ya 79

Msimu wa kwanza umebakisha vipindi vinne. Star Trek ya mwanzo, mfululizo wa safari za angani uliorushwa na televisheni ya NBC ya Marekani kuanzia tarehe 8 Septemba 1966 hadi 1969, ina vipindi 79: msimu wa kwanza 29, wa pili 26, wa tatu 24. Tunafuata mpangilio wa kurushwa. Kazi inafanyika Unguja mjini na watu watatu: mmoja anatafsiri, mmoja anapanga saa, mmoja anahakiki.

Vipimo havijabadilika. Mstari mmoja usizidi alama 42 pamoja na nafasi, mistari isizidi miwili, na kasi isipite alama 17 kwa sekunde. Kwa hiyo mistari miwili iliyojaa inataka karibu sekunde 5 kwenye skrini. Kiswahili hakina haja ya kurefuka kuliko Kiingereza, mradi utumie viambishi vyake. "Watu ambao walitutangulia" ni alama 25, "waliotutangulia" ni 15. Ile kauli ya Dkt. McCoy anapomwambia mkuu wa chombo, Jim Kirk, kwamba mtu amekufa ina alama 15 kwa Kiingereza; yetu ni "Keshakufa, Jim." nayo ni 15 kamili. "Amefariki dunia" ilikataliwa. Daktari aliyepiga magoti juu ya jabali hasemi kwa lugha ya tangazo la msiba.

Mstari usikatwe baada ya "ya", "wa", "kwa" au "na". Kiunganishi kishuke pamoja na neno lake, la sivyo jicho linakwama.

Kosa lililokula muda mwingi ni la alama moja tu: kibainishi cha ng'. Ukiandika kwanza kwenye programu ya barua, inakigeuza kuwa kile kilichopinda. Baadhi ya televisheni zinazosoma faili kutoka kwenye flashi hazielewi UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi, na "nyota zinang'ara" hutoka "zinangâ€™ara". Katika hadithi za anga, neno hilo linarudi kila baada ya dakika chache. Dawa ni kutafuta kibainishi kilichopinda katika faili nzima na kuweka kilichonyooka, kisha kuhifadhi. Faili ya manukuu iwe na jina lilelile la faili ya video, isipokuwa mwisho wake uwe .srt. Na flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili ya kufikia GB 4.

La pili ni saa. Nakala za Marekani huenda kwa fremu 23.976 kwa sekunde, na DVD nyingi za Uingereza huenda kwa 25. Maneno yanayotamkwa dakika ya 10 kwenye nakala ya Marekani, kwenye ile ya Uingereza yanatamkwa 9:35. Kipindi cha dakika 50 kinaisha dakika mbili kabla. Usisogeze faili yote kwa sekunde kadhaa ukadhani umetengeneza. Pima mstari wa kwanza na wa mwisho: tofauti ikiwa moja kote, sogeza; ikiwa inakua, badilisha kiwango cha fremu. Subtitle Edit, ambayo ni ya bure, inafanya hivyo mara moja. Iwekwe ihifadhi yenyewe kila dakika moja, maana umeme haupigi hodi ukikatika.

Sasa maneno, na hapa ndipo raha ya kazi hii. Enterprise, meli yao ya angani, ni chombo cha safari kabla ya kuwa mtambo. Vipindi vitatu vya mwanzo tuliviandika kwa "kapteni" na "rubani", na mazungumzo yakawa ya uwanja wa ndege. Tulirudi tukavifumua vyote kwa maneno ya jahazi, tukayapitisha kwa mabaharia wa Malindi ya hapa Unguja. Kirk ni nahodha. Sulu ni mshika usukani. Chumba cha amri, ambacho Kiingereza hukiita "bridge", hakiwezi kuwa "daraja". Tumekiita shetri, kwa sababu jahazini hapo ndipo nahodha na mshika usukani wanapokaa. Jibu la amri ni "Hewala, nahodha", kwani "Ndiyo, bwana" lilimfanya afisa aonekane mtumwa. Mtambo wa kuwahamisha watu kwenda sayarini unavusha: "Tuvushe, watu watatu." Mtu wa kisiwani haelezwi kuvushwa ni nini.

Si kila neno la bahari linafaa. Goshi na demani zilijaribiwa kwa pande mbili za chombo, zikashindwa: goshi ni upande wa upepo na demani ni upande wa pili, na zinabadilishana chombo kikigeuka. Angani hakuna upepo. Tumeandika kushoto na kulia. Serahangi nalo tuliliacha, maana ni msimamizi wa mabaharia, na Spock ni naibu wa nahodha.

Silaha zao zinapiga miale. Hakikisheni ni "mwale", si "mwali", la sivyo Kirk ataamuru mwali afyatuliwe. Mwendo wa chombo, "warp" kwa Kiingereza, ni "mkunjo": mkunjo wa 2, mkunjo wa 5. Asitokee mtu kuandika "mara 5 ya mwendo wa nuru", kwa sababu kipimo cha mfululizo huu ni mchemraba wa namba: mkunjo wa 5 ni 5 × 5 × 5, yaani mara 125.

Kipindi cha 25, "The Devil in the Dark", kilirushwa tarehe 9 Machi 1967. Wachimba madini wa sayari ya Janus VI wanauawa na kitu kinachopita ndani ya mwamba. Baadaye Spock anagusa fahamu zake na kujua kwamba ni mama, anayelinda mayai yake ambayo wachimbaji wamekuwa wakiyavunja. Kiingereza kina neno moja tu la kukitaja kitu kisicho mtu. Sisi tuna ngeli. Wachimbaji wanasema "dude hili limeua". Kirk akibaki nalo uso kwa uso, na likakataa kumshambulia, anaanza "kiumbe hiki". Spock akishaondoa mkono, ni "huyu", na haturudi nyuma tena: "Huyu ni mama." Mistari yote ya kabla ya hapo imekaguliwa upya ili isiponyoke hata "ame-" moja. Ikiponyoka moja, siri imevuja dakika ishirini kabla.

Mbele kuna "The Changeling" ya msimu wa pili, ambamo Uhura, afisa wa mawasiliano, anapoteza kumbukumbu na Kiswahili kinamtoka mdomoni. Jina lake lenyewe limetokana na uhuru. Katika kipindi cha kwanza, "The Man Trap", pia anasemeshwa Kiswahili, na hapo hatukuweka manukuu; watazamaji wawili wakasema hawakusikia kilichosemwa mpaka waliporudisha nyuma. Kwa hiyo kote kuwili tutaandika maana yake kwa herufi za mlazo, na "The Man Trap" inafunguliwa tena wiki hii.