Kumwandikia wakala wa AI maelezo ya zana

Wiki hii nimeshinda hapa Ngong Road nikiandika upya maelezo ya zana zetu za kukagua msimbo (code), ili wakala wa AI, yaani programu ya AI inayoendesha zana yenyewe, azitumie bila kubahatisha. Kumbe kinacholeta vurugu ni kitu kidogo tu, namba ambayo zana hurudisha ikimaliza kazi. Chukua ESLint, zana ya kukagua msimbo wa JavaScript: ikirudisha 0, hakuna kosa. Ikirudisha 1, imefanya kazi yake na imekuta makosa kwenye msimbo. Ikirudisha 2, yenyewe ndiyo imekwama, mara nyingi ni mipangilio. Usipomweleza hivyo, wakala ataona 1 aanze kuhangaika na ESLint yenyewe badala ya msimbo! Na grep, ile amri ya kutafuta maneno ndani ya faili, je? Huko 1 ni kwamba haikupata kitu, basi.

Kwa hivyo kwenye AGENTS.md, faili la maelekezo kwa wakala, naandika amri nzima, `npx eslint src --format json`, na mfano wa jibu lake. Zile sifa za "zana bora, ya kisasa" nimefuta zote. Halafu makatazo: ukiongeza `--fix` kwenye amri hiyo, hubadilisha faili, kwa hivyo wakala aombe ruhusa kwanza.

Jirani yangu wa dawati anasema hata yeye ndio ameanza kusoma hizo nyaraka za zana. Miaka yote hiyo, jamani!