Nyumba ya mbao mlimani: panga usiku kwanza

Familia nyingi zikipanga safari ya kulala mlimani huanza na mchana: njia za kutembea, michezo ya watoto, nyama ya kuchoma. Ningeshauri muanze na usiku. Mchana watoto watajitafutia la kufanya. Safari huharibika saa nane usiku, jiko limezimika, kuni ni mbichi, mtoto amelowesha kitanda na nguo kavu zimekwisha.

Kabla ya kulipia chochote, uliza nyumba iko mita ngapi juu ya usawa wa bahari. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kila ukipanda mita 1,000. Kama mnaishi mita 500 na usiku kwenu huwa nyuzi 20, nyumba iliyo mita 2,500 itakuwa na nyuzi 7 hivi, na hapo upepo haujahesabiwa. Nyumba iliyojengwa chini kabisa ya bonde huweza kuwa na baridi kuliko iliyo mteremkoni juu yake, kwa sababu hewa baridi ni nzito. Usiku hewa hiyo hushuka na kutuama bondeni.

Uliza pia: jiko la ndani lipo, na linatumia nini? Kuni ziko, na zimekauka? Magodoro mangapi, mablanketi mangapi? Vitanda vya deka vina kizuizi upande wa juu? Choo kiko ndani au mtatoka nje na tochi? Gari linafika mlangoni? Mita 400 za kupanda na mizigo mkiwa na mtoto mgongoni zinabadilisha kabisa mnachoweza kubeba.

Urefu una jambo lingine. Kuanzia mita 2,500 hivi, baadhi ya watu huugua kwa upungufu wa oksijeni: kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu, kukosa usingizi. Mtoto mdogo hawezi kueleza. Atalia tu na kukataa chakula. Kama mnatoka chini sana, laleni usiku mmoja njiani katika urefu wa kati. Dalili zikizidi, dawa ni kushuka, hata kama mmelipia siku zaidi.

Sasa moto, maana hapa ndipo watu hufa. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya nyumba ya kulala, hata dirisha likiwa wazi, hata mkaa ukionekana umekaribia kuzimika. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala haamki kuikimbia. Dalili zake za mwanzo zinafanana na za urefu: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu. Wakiumwa kichwa watu kadhaa kwa pamoja ndani ya nyumba yenye moto, msikae kubahatisha. Tokeni nje wote mara moja, watoto kwanza, mtafute msaada wa tiba. Kengele ya betri inayotambua gesi hiyo ni kifaa kidogo, na ningeiweka kwenye mzigo kabla ya kamera.

Jiko la kuni lenye bomba la moshi ni salama likitumiwa vizuri. Fungua kilango cha bomba kabla ya kuwasha. Bomba likiwa baridi, hewa nzito iliyomo huzuia moshi kupanda, ndiyo maana chumba hujaa moshi dakika za kwanza. Choma gazeti moja karibu na mdomo wa bomba ili lipate joto, kisha washa vijiti vyembamba, halafu vipande vya unene wa kidole gumba, magogo mwisho. Kuni kavu zina nyufa kwenye ncha na zikigonganishwa hulia kwa sauti kali. Mbichi hutoa mlio mzito. Msibane hewa ya jiko ili moto udumu hadi asubuhi, kwa sababu moto unaofukuta kwa kukosa hewa ndio unaozalisha gesi hiyo kwa wingi. Acheni uzimike, mtegemee matandiko.

Kwenye mifuko ya kulalia yenye namba mbili za joto, fuata ile ya starehe; ile ya kikomo ni ya mtu mzima aliyejikunja akivumilia. Baridi ya chini husahaulika: godoro jembamba linahitaji blanketi chini ya mlalaji pia. Kila mtu awe na nguo za kulalia za sufu au poliesta, soksi na kofia ndani ya mfuko usiopitisha maji, zisizovaliwa mchana kamwe. Pamba ikilowa jasho hukaa na unyevu na kumnyang'anya mtu joto. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asirundikiwe mablanketi. Mvishe nguo kadhaa nyepesi na kifuko cha kulalia cha watoto, kichwa kikiwa wazi.

Fikeni angalau saa mbili kabla ya giza, mkague jiko na kutandika kukiwa na mwanga. Chakula cha usiku wa kwanza kitoke nyumbani kikiwa kimepikwa, kazi iwe kupasha tu. Katika mita 2,500 maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, kwa hiyo maharage hukataa kuiva, yachemsheni nyumbani. Wali nao utataka maji na muda zaidi. Mitungi midogo ya gesi ya butani hudhoofika baridi ikikaribia nyuzi sifuri. Tafuteni yenye mchanganyiko wa propani.

Maji ya kunywa na kupikia, hesabuni lita 4 kwa mtu kwa siku: familia ya watu watano humaliza dumu la lita 20. Ya kijito yachemke dakika moja, na juu ya mita 2,000 dakika tatu.

Matembezi yawe asubuhi, kwa kuwa milima mingi hukusanya mawingu na radi mchana. Mtu mzima huhesabiwa saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Mkiwa na watoto, zidisheni mara mbili. Kichanga kinachobebwa hakitembei, kwa hiyo hupata baridi wakati mbebaji anatoka jasho. Mguseni shingo mara kwa mara.

Siku ya kuondoka, majivu yaingie kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, iwekwe nje mbali na ukuta wa mbao. Makaa yaliyofunikwa na majivu huweza kubaki hai zaidi ya siku nzima. Mkishuka na gari lililojaa, tumieni gia ndogo tangu mwanzo wa mteremko, kwa sababu breki zikishapata moto huacha kushika.