Kutwa na spika: siku moja ya Mama Matangazo, Mtwara

Watu wakiniona nimekaa nyuma ya bajaji yenye spika mbili juu wanadhani kazi yangu ni kupiga kelele. Wengine huziba masikio kabla sijafungua mdomo. Ndiyo maana nimeamua kuandika Ijumaa yangu iliyopita kama ilivyokwenda, mjue kipi kinapita kwenye maiki yangu na kipi hakipiti. Hapa Mtwara mjini wananiita Mama Matangazo, na jina hilo nalipenda.

Saa 11 alfajiri. Naamka, naswali, nachomoa betri kwenye chaji, najaribu amplifaya kwa sauti ya chini ili majirani walale. Chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha, basi.

Saa 12 na nusu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, analeta bajaji. Ndiye dereva. Anafunga spika moja ikitazama mbele, nyingine nyuma. Mwezi wa sita kusi inavuma kwa nguvu, na ukipita Shangani huku umeelekeza spika kwenye upepo, maneno yanakurudia mwenyewe. Kwa hiyo tunakwenda kwanza upande wa joshini, unakotoka upepo, kisha tunashuka na upepo polepole, mwendo wa mtu anayetembea, na sauti inaingia mpaka nyumba za uani. Kila njia panda tunasimama, nasoma mara mbili, natulia kidogo, ndipo tunasogea. Wanaokimbiza bajaji huku wanaongea wanamwibia mteja, kwa sababu kila nyumba inasikia kipande tu.

Ijumaa hiyo nilikuwa na haya mkononi. Zahanati: matone ya vitamini A kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 na dawa za minyoo kwa wa miezi 12 hadi 59, zoezi ambalo kila mwaka linakuja mwezi wa sita na wa kumi na mbili. Ofisi ya mtaa: mkutano wa Jumapili, kusomewa mapato na matumizi, halafu suala la taka. Wakulima wa korosho: salfa, dawa ya mikorosho, imefika, kila mtu aje na namba yake ya usajili, kwa sababu mikorosho inaanza kuchipua na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, haumsubiri mtu. Vijana wa mpira: fainali ya mtaa Jumamosi saa 10 jioni, kuingia bure, mshindi anachukua mbuzi. Na duka moja la vitenge lililopunguza bei.

La duka nalirekodi kwenye flashi linajirudia lenyewe. La afya, la mtaa na la msiba nasoma kwa mdomo wangu, kwa sababu watu husimamisha bajaji wakauliza, na flashi haijibu maswali.

Saa 1 hadi saa 4. Chikongola, Majengo, Rahaleo, Vigaeni. Watoto wanakimbia nyuma ya bajaji, kina mama wanatoka na masufuria mkononi kuuliza siku na saa, nasoma tena.

Saa 4 na kitu. Hapa ndipo siku iliponiharibikia. Tulikuwa tunaelekea Magomeni na tangazo la zahanati, maana zoezi pale lilikuwa linaanza saa 5. Kaka mmoja, shati limechomekwa vizuri, begi begani, akatupungia mkono. Salamu nyingi, pole na kazi nyingi. Kisha akanipa karatasi iliyochapwa. Ilisema kina mama wote wa Magomeni na Chikongola wanaotaka mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri wafike Jumamosi saa 3 asubuhi, na kitambulisho, na picha mbili, na shilingi elfu tano ya fomu.

Nikaitazama karatasi mbele na nyuma. Haina muhuri, haina sahihi, haina jina la ofisi.

"Kaka, barua ya mtendaji iko wapi?"

"Ipo, dada. Wewe soma tu, muda hautoshi."

Kwa wasiojua, mikopo hiyo ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Wanawake na vijana wanaiomba kwa vikundi vilivyosajiliwa, na njia yake inapita kwa ofisa maendeleo ya jamii. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka uliofuata, na kwa kuwa watu waliisubiri sana, ikitajwa tu kwenye spika mama anaacha chungu jikoni. Huyu kaka alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana alikuja kwangu, hakubandika karatasi yake kwenye mti.

Nikamwambia siwezi. Akaongeza bei. Nikamwambia siyo bei. Akaongeza tena, mara mbili ya nilichokuwa nalipwa na duka la vitenge kwa siku nzima. Kisha akabadilisha: basi usitaje halmashauri, sema mikopo tu. Nikamuuliza, mikopo ya nani? Nitaje jina la mwenye hela. Hakutaka jina litajwe. Akapiga simu, akanipa niongee na "bosi", na huyo bosi naye akaniita mama yangu, akaniambia nisaidie vijana wanatafuta maisha. Nikarudisha simu.

Tukaondoka. Akapanda bodaboda akatufuata mpaka kituo cha mafuta. Pale akamgeukia mpwa wangu: "Njomba, mshauri mama yako, hela hii hapa." Mpwa wangu ana miaka ishirini na moja na bajaji ile bado inalipiwa kila wiki. Alijibu hata hakumtazama: "Mama mdogo akikataa, amekataa." Nilijisikia fahari ambayo sikuijua tangu watoto wangu walipomaliza shule.

Kaka akakasirika sasa. Akasema kwa sauti, watu wanasikia: "Kwani wewe ni polisi? Wewe ni spika tu!"

Hilo neno liliniuma, na bado linaniuma ninapoandika. Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kinasogea upande wetu, kabla hakijapiga Msumbiji tarehe 25, mimi na wenzangu tulizunguka tukiwaambia watu wa kando ya bahari na wa mabondeni wahamie sehemu za juu. Watu walijitwisha magodoro, wakabeba wazee, wakatoka. Hawakuniuliza kama nina cheti cha hali ya hewa. Walitoka kwa sababu sauti hii hii ndiyo iliyowaambia jana yake kuhusu msiba na wakaukuta, na juzi yake kuhusu kliniki na wakaikuta. Mama wa Magomeni anayeuza vitumbua akitoa elfu tano kwa sababu nimesema mimi, na Jumamosi akakuta uwanja mtupu, atasikiliza lini tena nikimwambia maji yanakuja?

Karibu saa nzima ilikwenda pale. Zahanati tulifika watoto wameshaanza kupewa matone na foleni ni fupi, wauguzi wananitazama kama niliyelala. Nikazunguka Magomeni kwa haraka kuliko ninavyopenda, nikarudia kila tangazo kwa Kimakonde kwa ajili ya bibi zetu ambao ndio wanaokaa na wajukuu. Saa 6 kasoro foleni ilikuwa imefika barabarani.

Saa 6. Ijumaa, adhana ikikaribia spika inazimwa, awe mteja yeyote. Mpwa wangu akaenda msikitini. Mimi niliswali nyumbani kwa shoga yangu pale jirani, nikala wali na samaki wa nazi, nikanywa maji ya uvuguvugu na tangawizi kwa ajili ya koo.

Saa 8. Tunakwenda Naliendele na tangazo la salfa. Mzee mmoja alinisimamisha akanieleza historia ya shamba lake lote, mikorosho ya baba yake na ya kwake. Nilimsikiliza, kwa sababu mzee akilielewa tangazo anawapelekea wengine ambao barabara yangu haiwafikii.

Saa 9 na nusu hivi simu ikalia. Mama muuza ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, wa soko la Sabasaba, mtoto wake wa kike wa miaka minne haonekani tangu adhuhuri. Tukageuza. Msiba na mtoto aliyepotea sichukui hela, na matangazo mengine yote yanasimama.

Kuanzia hapo saa sikuitazama tena. Mama yake tulimpandisha kwenye bajaji akakaa kando yangu, anatetemeka, kanga imeloa machozi. Nikamuuliza nguo: gauni la njano, nywele zimesukwa mistari, hana viatu. Anaitikia jina la nyumbani. Hayo niliyasema yote. (Mtoto akiokotwa na mzazi hajulikani nafanya kinyume: nabakiza alama moja sisemi, ili anayekuja kumdai aitaje mwenyewe.) Amwonaye ampeleke ofisi ya mtaa iliyo karibu au polisi.

Tulizunguka soko, tukaingia Majengo, tukaenda Reli, tukarudi. Mama kila akiona rangi ya njano anashika mkono wangu mpaka kucha zinaingia. Betri ikaanza kuishiwa, sauti ikawa inakwaruza, ikabidi tuzime spika ya nyuma ili ya mbele isikike. Koo langu nalo likawa hivyo hivyo. Nikaacha kusoma kwa mpangilio, nikawa nasema tu: gauni la njano, miaka minne, gauni la njano. Vijana wa bodaboda wakaacha abiria wakatawanyika vichochoroni, bila kuombwa.

Sasa, mwezi wa sita shule zikifungwa, hapa kwetu hakuna Ijumaa isiyo na ngoma. Mwali anatolewa, kina mama wamevaa sare za kanga, watoto wote wa mtaa wanafuata nyuma. Tuliusikia msafara mmoja mbele yetu Chikongola, na ngoma zile zilikuwa zinameza spika yangu iliyochoka. Nikashuka kwa miguu na maiki yenye waya mrefu, nikamfuata yule nyakanga, mama mkuu wa unyago, aliyekuwa anaongoza, nikamwambia sikioni. Akainua mkono. Ngoma zikanyamaza zote. Nikasema: gauni la njano, miaka minne.

Kina mama wakaanza kugeuka kutazama watoto waliokuwa nyuma yao. Alikuwa katikati ya kundi, kalala mgongoni kwa dada mmoja wa miaka kumi hivi aliyembeba bila kujua ni wa nani. Alifuata ngoma tangu sokoni. Mama yake aliruka kabla bajaji haijasimama vizuri, na vigelegele vilivyopigwa pale nadhani vilifika bandarini.

Magharibi ilikuwa imeingia. Tangazo la vitenge halikumaliza saa zake. Nilimpigia mwenye duka nikamwambia kwa nini, akasema malizia kesho, hana neno.

Usiku, miguu kwenye beseni la maji ya moto, simu mbili. Ya kwanza mwenyekiti wa mtaa: mkutano wa Jumapili unasogezwa kutoka saa 3 asubuhi hadi saa 10 alasiri kwa sababu kuna maziko. Nikamwambia anitumie kwa maandishi. Ya pili mtendaji, ambaye nilikuwa nimempelekea picha ya ile karatasi mchana. Amesikia kwamba jioni pikipiki moja yenye spika ndogo imepita Magomeni ikiisoma. Ameandika tangazo lake, lina muhuri, na ndilo la kwanza kesho saa 1 kamili, kabla ya mpira, kabla ya vitenge:

"Tangazo, tangazo, tangazo. Wananchi wa Magomeni na Chikongola, ofisi ya mtaa haimtambui mtu yeyote anayekusanya shilingi elfu tano za fomu ya mkopo. Usitoe hela, usitoe kitambulisho. Anayetaka mkopo wa asilimia kumi aende na kikundi chake kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Uliyekwisha kutoa hela, fika ofisi ya mtaa leo kabla ya saa 6 mchana uandikishe jina. Narudia."