Wiki sita za fangasi ya kaka

Tulikuwa wanne tumbo moja, tukapimwa wote kuona nani anaweza kumpa kaka seli za uboho, nikalandana naye mi peke yangu. Daktari akasema hata hiyo ni bahati, kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 tu.

Hiyo ni 2019. Kaka kashapigwa kemo, zile dawa kali za kansa, pale hospitali ya Mulago, Kampala, kansa ya damu imetulia, ila kupandikizwa hizo seli ilibidi twende India, basi tukauza kiwanja, mtaa ukachanga hadi wenzake wa soko la Owino alikokuwa anauza viatu, tukapandia ndege Entebbe mpaka Chennai.

Kufika wakampiga sitiskani, ile picha ya kifua ya mashine. Kile kikohozi tulichokuwa tunasema ni vumbi la mtaani kwetu Kisenyi kumbe fangasi, iko kwenye pafu. Mi nikajua atapewa dawa tuendelee, daktari akakataa. Kabla ya seli wanampa kemo kali inayofuta uboho wote, anakaa wiki 2 au 3 mwili hauna askari, yaani chembe nyeupe za damu, sasa fangasi iliyo hai humo ndani nani ataizuia? Mama akauliza, na tukingoja? Akasema tukingoja sana kansa nayo inaweza kuamka.

Mama akamgeukia kaka, "Baba, we unaonaje?" Kaka akajibu anaona njaa, anataka roleksi, ile chapati ya kukunjia mayai. Chennai hiyo, roleksi itatoka wapi jamani.

Wiki 6 anameza vorikonazoli, dawa ya fangasi, inamfanya aone taa zinawaka vibaya, na hela inaisha. Skani ya pili doa limepungua, halijaisha. Daktari akasema twende hivyohivyo na dawa asiache hata siku moja, na alikiri wapo wenzake ambao wangengoja. Mpaka leo hiyo kauli naikumbuka.

Nikadungwa sindano siku 5 za kutoa seli zangu ziingie kwenye damu, mifupa inauma utadhani nimegongwa na boda, afu mashine ya kuzichuja masaa 4. Nilitegemea operesheni, kumbe ni kimfuko chekundu tu kinatundikwa kama dripu.

Siku ya 17 baada ya kaka kupewa seli, askari wakaonekana, na usiku huohuo kikohozi kikazidi, mi nikaanza kulia. Daktari wa zamu akasema hao ni askari wapya wamefika kifuani wanapigana, hutokea, wataendelea kumwangalia. Nikamtafsiria kaka. Akageukia ukutani.

"Mdogo wangu, waambie wapigane polepole bwana, nataka kulala."