Rodi ya faiba namba 9: kumbukumbu toka karakana yangu Malindi

Naandika hii kwa sababu kila anayepita hapa karakana ananiuliza kile kijiti kirefu cha njano kinachoning'inia juu ni cha nini, nikimweleza anacheka, kesho anarudi na mwenzake nieleze tena. Bora niandike nimalize: ni rodi, fimbo ya kuvulia samaki, niliyojitengenezea mwenyewe.

Kazi yangu ni kuziba maboti ya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini, gundi inayokauka ikawa ngumu. Matundu, mipasuko, mkuku ulioliwa na mwamba, hiyo ndio riziki. Rodi sijawahi kutengeneza maishani mwangu mpaka mwaka jana, mgeni mmoja alirudi toka baharini na rodi yake ya flai (yaani inzi, kwa kile chambo chake cha manyoya) imekatika ncha, rodi ya kaboni ya bei mbaya, na ilikatika si kwa samaki, ilikatika kwa sababu kijana wa boti aliiwekea ndoo ya barafu juu yake. Tak! Basi. Yule mzee akaniachia vipande na mshipi na rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, akasema fanya utakavyo, mimi narudi kwetu.

Kwa asiyejua, kwenye flai wewe hurushi chubwi. Unarusha mshipi wenyewe. Mshipi ni mnene, umevalishwa plastiki, ndio wenye uzani, na chambo ni manyoya tu yamefungwa kwenye ndoana, ukiyatupa kwa mkono hayafiki hata kule kwenye kamba ya nguo. Rodi inapewa namba kufuatana na uzani wa mshipi, wanapima futi 30 za mwanzo, namba 5 inakuja gramu 9 hivi na hiyo ni ya samaki wa trauti kule mito ya Aberdare na Mlima Kenya, namba 9 ni kama gramu 15 na nusu na hiyo ndio ya maji ya chumvi, ya kolekole na ndugu zake.

Sasa mimi nkajiuliza, kwani hizi rodi hazitengenezwi kwa faiba? Faiba naijua, ukiigonga haikati hovyo, inakunjika inarudi. Nikaingia kwenye intaneti usiku kucha. Kumbe kabla ya kaboni nyingi zilikuwa za faiba! Baada ya Vita Kuu ya Pili kampuni ya Shakespeare kule Marekani ilitoa moja inaitwa Wonderod, nyeupe, na aliyebuni njia ile ni mtu anaitwa Arthur Howald, kisa chake ni kwamba ncha ya rodi yake ya mwanzi ilivunjika wakati wa vita na mwanzi mpya haupatikani, akajitengenezea ncha kwa nyuzi za kioo na resini. Ncha imevunjika! Kama mimi tu. Alafu miaka ya 70 kaboni ikaja, nyepesi na ngumu, faiba ikawekwa kando. Siku hizi zimerudi lakini nyingi nilizoziona ni vijirodi laini vya mitoni, namba 3, namba 4, namba 5. Ukitaka namba 9, fupi, ya faiba, ya kukaa ndani ya ngalawa pamoja na nanga na miguu ya watu, zipo chache sana na bei yake ukiongeza na usafiri na ushuru unanunua injini kuukuu.

Na ndio wavuvi wanayoililia hiyo, si mimi peke yangu. Futi 8 badala ya 9. Iwe inapindika hata kwa mshipi mfupi, maana pale mto Sabaki unapomwaga baharini humrushii samaki mita 30, unamwona anapasua maji mita 10 mbele yako na una sekunde mbili tu.

Januari

Jaribio la kwanza nilifanya kiboti boti, na hilo ndilo kosa. Nilichukua mati, ile ya nyuzi fupi fupi zilizotupwa kila upande, na resini ya poliesta, nikazungushia kwenye chuma. Mati ni nzuri kwa boti kwa sababu boti linapigwa pande zote. Rodi inapigwa upande mmoja tu, inakunjwa, kwa hiyo nyuzi lazima zilale kwa urefu toka mkononi hadi nchani, na chache tu zizunguke kwa upana ili bomba lisijibonyeze likawa bapa. Mimi sikujua. Nikapata kitu kinene kama mpini wa jembe, na poliesta ikikauka inakaza sana inakuwa kavu kavu, nikaikunja kidogo ikalia kama biskuti.

Isitoshe ilining'ang'ania kwenye chuma. Sikupaka nta. Fundi wa faiba miaka 14, nimesahau nta! Nilipasua kwa grinda huku nimefunga mlango nisionekane.

Februari mpaka Machi

Chuma chenyewe kina hadithi yake. Rodi inakuwa nene chini nyembamba juu, kwa hiyo chuma cha ndani, wenyewe wanaita mandreli, nacho lazima kichongoke. Fundi wa lethi hapa mjini mashine yake haifiki hata mita moja, ndio maana rodi yangu ni vipande vitatu vya sentimita 80 na ushee, si kwa mapenzi yangu. Vipande viwili vya chini alinichongea. Cha nchani alikataa, akasema kitu chembamba hivyo kitapepesuka kwenye mashine, basi nilichukua stenlesi ya milimita 4 nikaifunga kwenye drili na kuibana na msasa huku inazunguka, siku mbili nzima, vidole vikawa vyeusi mpaka shangazi akaniuliza kama nimehamia kwenye gereji.

Kitambaa nikabadilisha, nikatafuta kile cha nyuzi zinazokwenda upande mmoja, na poliesta nikaacha nikanunua epoksi, resini ya aina nyingine. Hapo nikapoteza pesa, duka moja huko Mombasa waliniuzia hadena, dawa ya kuikaushia, iliyokaa miaka, epoksi ikabaki inanata nata wiki nzima. Nilipopata ya kweli mambo yakaanza kueleweka.

Shida iliyofuata ni kubana. Viwandani wanazungushia utepe wa plastiki unaojikaza kwenye joto, unakamua resini ya ziada na hewa yote. Mimi huo utepe sina. Nikatumia raba, ile mipira ya tyubu ya baiskeli inayokatwa vipande virefu ambayo kila mtu anafungia mizigo, chini yake nikatandika nailoni nyembamba isigande, alafu nikazungusha huku navuta kwa nguvu zangu zote, kijana wangu anazungusha chuma upande wa pili. Resini ikatoka kwenye mikunjo kama asali. Tanuri ni bomba la mabati na balbu nne za zamani za kupasha moto, napima na kipimajoto, digrii 60 masaa sita.

Ilitoka. Ina mikunjo mikunjo kama mwili wa chaza kwa ajili ya ile raba, lakini ilitoka mzima kwenye chuma na sauti ya *shwiii*, na ukiishika kwenye jua unaona mwanga unapita ndani. Wallahi nilikaa nayo mlangoni kama nusu saa sifanyi kitu.

Mei

Masika. Kazi hakuna. Epoksi na unyevu haziivani, kila nikipaka inatoa utando wa mafuta mafuta juu, ukigusa kama umeshika sabuni. Dawa yake ni kuosha na maji na sabuni alafu msasa, usipofanya hivyo koti la pili halishiki. Nimeosha rodi kuliko nilivyoosha vyombo.

Nikapima ugumu. Kuna njia moja rahisi, unaifunga rodi mezani imelala sawa, unaning'iniza kikopo nchani na kutia uzito mpaka ncha ishuke theluthi ya urefu wa rodi. Mmarekani mmoja, Bill Hanneman, aliianzisha akitumia sarafu zao za senti moja, kila moja gramu 2 na nusu. Mimi nilitumia kikopo cha yogati na mchele. Futi 8 ni sentimita 244, theluthi ni 81. Nkatia mchele mpaka ikafika alama niliyochora ukutani, nikaenda na kikopo kwa sonara anipimie, akafikiri nimeokota dhahabu. Gramu 240. Rodi ya kaboni namba 9 niliyoazima kwa jamaa wa boti ilishuka theluthi yake na gramu 185. Maanake yangu ni ngumu kupita kiasi, ile ni kama namba 11 au 12, ya kuvutia gari.

Hapa nilijifunza kitu. Bomba jembamba la ukuta ule ule ukiongeza upana wake mara mbili, ugumu unapanda mara nane. Mara nane! Kwa hiyo milimita moja ya upana ni kubwa mno, na mimi nilikuwa naongeza kitambaa ovyo "kwa usalama". Nikatengeneza kipande cha kati upya, mzunguko mmoja pungufu. Gramu 196. Nikaacha hapo hapo, sigusi tena.

Juni, Julai

Mapambo. Mkono wa rodi wenyewe wanatumia kizibo, hapa kizibo utapata wapi, nikaenda ufukweni asubuhi moja nikarudi na gunia la ndara zilizotupwa na maji. Zote mguu wa kushoto, sijui kwa nini. Kama wale ndugu zetu wa Lamu walivyofunika jahazi la Flipflopi kwa ndara na kulipeleka mpaka Zanzibar mwaka 2019, mimi nashindwaje kipande cha sentimita 18? Nilikata visahani, nikatoboa, nikagandisha, nikazungusha kwenye drili na msasa. Umekuwa wa bluu, waridi na kijani. Unashika vizuri hata mkono ukiwa na mafuta ya samaki.

Pete za kupitisha mshipi nilikunja kwa waya wa stenlesi, nikafunga na uzi. Uzi niliomba kwa shangazi, yeye anadarizi kofia, ana uzi mweupe mzuri sana mwembamba. Akanipa kibunda akasema, "Haya mwanangu, lakini nikiona umefungia nyavu utanijua." Nilifunga pete zote tisa kwa uzi mweupe, jioni nzima, mistari imelala kama imepigwa rula. Nikapaka epoksi. Uzi ukapotea! Mweupe ukilowa epoksi unakuwa kama kioo, na chini ni kioo, basi miguu ya pete inaonekana imekaa hewani haijashikwa na kitu. Nilimpelekea shangazi aone, akaivaa miwani, akaigeuza, akasema, "Na uzi wangu uko wapi?"

Zingine nimerudia kwa uzi mwekundu. Ule mweupe nimeacha kwenye pete mbili za juu, nimeupenda.

Uzani wote gramu 214. Nzito, sikatai, za kaboni ziko karibu nusu ya hapo. Mkono unachoka.

Septemba

Jaribio la kwanza la kurusha nilifanya ufukweni jioni, kosa lingine, watoto wakajaa, mmoja akauliza, "Ami, unafukuza inzi?" Mshipi niliorithi kwa yule mgeni ulikuwa wa nchi za baridi, joto letu linaulainisha unakuwa kama tambi iliyoiva sana, haupiti kwenye pete. Ikabidi niagize wa nchi za joto. Huo ulipofika, lo! Faiba inakunjika polepole, ukiharakisha inakuharibia, lazima uisubiri nyuma mpaka uisikie mkononi inavuta, ndio uilete mbele. Mita 15 bila kutumia nguvu.

Wiki iliyopita tukatoka na binamu na ngalawa yake, kaskazini kule Sabaki inapomwaga, nje kabisa ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Malindi maana huko ndani hakuna kuvua. Mpaka wa maji mekundu na maji ya bluu. Mrusho wa kwanza niligonga rodi kwenye mrengu kwa nguvu, paa!, binamu akafumba macho. Haina hata mkwaruzo. Hapo nikajisemea yule mzee angekuwa amepoteza rodi ya pili.

Mrusho wa sita au wa saba, kolekole. Alichukua karibu na ngalawa na akashuka chini, rodi ikakunjika mpaka mkononi, mpaka kwenye ndara, na mimi nacheka peke yangu kama mwehu. Alafu nikasikia *tup*. Kipande cha juu kimechomoka. Unajua vipande vinashikana kwa ulimi, kijiti cha faiba cha ndani, na ulimi wangu ni mfupi, kila ukirusha unajisokota kidogo kidogo mpaka unaachia. Kipande cha nchani kikateleza kwenye mshipi kama shanga kwenye uzi, kikazama, kikaenda kumfikia samaki mdomoni. Nimepigana na kolekole kwa rodi ya theluthi mbili, binamu anapiga kelele "Mvute, mvute kwa mkono!" na mimi sitaki, nataka rodi ifanye kazi yake.

Tulimpata. Kilo tatu kasoro, na kile kipande kimemgota puani. Shangazi alimpaka nazi jioni ile.

Sasa niko na ulimi mpya kwenye tanuri, sentimita mbili mrefu zaidi, na nimeambiwa upakwe nta ya mshumaa usisokoteke. Nta tena. Ukikauka sawa, kabla kaskazi haijashika vizuri ntakwenda Mayungu nijaribu kwenye miamba, na binamu kashasema yeye ataka yake namba 8 na mkono wote wa ndara za waridi.