Deikea inafunga saa kumi na mbili

Likizo yangu ya uzazi inaisha mwezi ujao na kitu kimenikosesha usingizi zaidi ya mtoto mwenyewe ni masaa. Si kazi, kazi naipenda. Si hata kumwacha, ingawa hiyo nayo nitaifikia. Ni masaa.

Deikea nyingi huku kwetu Donholm, Nairobi, jioni zinafunga saa kumi na mbili, ukichelewa unalipa faini, na anti wa pale naye ana watoto wake wanamngoja nyumbani kwa hivyo simlaumu. Ofisi yangu iko Upper Hill na tunatoka saa kumi na moja. Kwa karatasi hiyo ni saa nzima, mtu anaweza kusema inatosha kabisa. Haya sasa toka Upper Hill saa kumi na moja, shuka tao, tembea hadi steji, panga laini ya matatu, halafu Jogoo Road ikushike pale City Stadium msisonge, na ikinyesha hata usiniulize. Ndio maana wiki hizi nimekuwa nikimwambia baba yake kwamba kutafuta deikea na kuomba masaa mengine kazini ni jambo moja tu, huwezi kulipia nafasi ya mtoto kabla hujajua utatoka kazini saa ngapi, na huwezi kumwambia bosi unataka masaa gani kabla hujajua mtoto atakuwa wapi.

Wacha niandike na mambo ya sheria ju nimeyasoma usiku nikinyonyesha na nimeona wamama wengi tunarudi kazini bila kuyajua. Sheria ya Ajira ya 2007 inatupa miezi mitatu na mshahara kamili, baba anapata wiki mbili (zetu ziliisha tukiwa bado hatujui usiku ni upi mchana ni upi). Lakini sheria hiyo hiyo inasema hupotezi likizo yako ya mwaka eti kwa sababu umeenda ya uzazi, kwa hivyo mimi nimeunganisha zile siku 21 hapo mwisho, na mtoto atakuwa amepitisha miezi minne nikirudi. Sasa kliniki wanatuambia maziwa ya mama pekee mpaka miezi sita, bila maji, bila uji, na wako sawa. Mshahara miezi mitatu, maziwa miezi sita. Hiyo miezi iliyobaki katikati ameachiwa mama aijaze mwenyewe na inaniuma, nasema wazi inaniuma, kwa sababu najua kuna wamama Pipeline na Industrial Area hawapati hata hiyo mitatu, ni vibarua, siku asipoenda hakuna pesa.

Sheria ya Afya ya 2017 ndiyo ilinipa nguvu kidogo. Inamtaka mwajiri aweke mahali pa mama kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na hapo si choo, pawe na mahali pa kunawa mikono, friji, soketi ya stima, kameza na kiti. Na inakupa mapumziko ya kunyonyesha mbali na lunch, jumla isizidi saa moja kwa kila masaa nane ya kazi. Ofisini kwetu chumba hicho hakuna, kuna stoo ya faili za zamani iliyo na dirisha na soketi, nimeiomba hiyo. Haitaki pesa nyingi, ni kutoa maboksi na kuweka kitasa kinachofunga kwa ndani.

Lakini kubadilisha masaa au kufanyia kazi nyumbani, hapo ni kuelewana tu na mwajiri. Binamu yangu aliye Manchester ananiambia kule tangu Aprili 2024 unaweza kuomba kuanzia siku ya kwanza umeajiriwa na mwajiri ana miezi miwili ya kukujibu, anaweza kukataa akitoa sababu lakini lazima akujibu. Hata hiyo ya kujibiwa tu ningeishukuru.

So nimeandika barua. Sikutaka iwe ya kulia lia, nimeandika kama mtu wa akaunti anavyojua kazi yake ikoje. Kazi yetu ina tarehe: makato ya mishahara, yaani PAYE, NSSF na SHA, yawe yameingia kufikia tarehe 9, VAT tarehe 20, na mwisho wa mwezi ni kufunga vitabu. Siku hizo nimesema niko ofisini, hakuna mjadala. Siku zingine nimeomba niingie saa moja na nusu asubuhi nitoke saa tisa na nusu, na Jumanne na Alhamisi nifanyie nyumbani, ju iTax na eTIMS, zile za kodi za KRA, ziko kwa intaneti na hakuna faili ninayoishika kwa mkono siku hizo. Nimeomba iwe hivyo mpaka mtoto afike mwaka mmoja halafu tukae tena tuangalie. Na kliniki nimeziweka humo humo mapema, vitamini A akifika miezi sita, surua akifika miezi tisa, ndio mtu asije akaniambia nimeomba ruhusa ya ghafla.

Sasa deikea yenyewe. Mara ya kwanza niliwaza iwe karibu na kazi. Wazo lilikuwa tamu, lunch naenda namnyonyesha mwenyewe, hakuna kukamua. Halafu nikamfikiria mtoto wa miezi minne kwa matatu saa kumi na mbili asubuhi, mziki umefunguliwa mpaka viti vinatetemeka, Julai na ile baridi yake, na siku nikiwa mgonjwa au nafanyia nyumbani bado nivuke mji wote nikimpeleka. Pia deikea za Upper Hill na Kilimani bei zake si za mshahara wangu. Tukaamua karibu na nyumbani, umbali wa kutembea, na shosho yake anayekaa Umoja anaweza kufika haraka nikikwama.

Nimezunguka kadhaa. Kuna moja safi sana, ukuta umechorwa wanyama, lakini watoto wachanga wako floo ya pili na ngazi ni moja tu nyembamba, nikauliza moto ukitokea mnawashusha vipi na sikupata jibu. Nyingine TV inawaka asubuhi mpaka jioni. Ile niliyoipenda ni ndogo, nyumba ya chini, ina leseni ya kaunti imebandikwa mlangoni, ina tanki la maji ju mgao tunaujua, na mama mwenyewe ndiye aliyeanza kuniuliza maswali: mtoto analala vipi, ana mzio wowote, ni nani na nani wanaruhusiwa kumchukua. Akataka kuona kitabu cha mama na mtoto aangalie chanjo. Nikamuuliza kuhusu maziwa na akajua, akaniambia mama, yaliyokamuliwa nje ya friji ni masaa manne kama hakuna joto kali, kwa friji siku nne, andika tarehe na saa kwa kila chupa, na stima ikipotea tunakupigia. Hapo nilihisi mabega yangu yameshuka.

Kuna watu wananiuliza kwani si uandike tu msichana wa kazi. Nimelifikiria vizuri. Kwa Nairobi mshahara wa chini kisheria ulipandishwa Novemba 2024 ukafika 16,113.75, na mimi siwezi kumlipa mtu chini ya hapo halafu nimwachie mtoto wangu na moyo wangu. Kwa sasa deikea tunaiweza, hiyo hatuiwezi, basi.

Kumwacha kwenyewe... juzi alinishika kidole akiwa ananyonya akanitazama tu, na nikaanza kuhesabu masaa ambayo hatakuwa ananiona. Nililia. Shosho yake aliniambia, mwanangu, hata mimi nilikuacha wewe kwa jirani nikaenda Gikomba na bado uliniita mama. Sijui kama ilinituliza lakini nilihitaji kuisikia.

Bado barua haijajibiwa. HR wameniambia meneja amerudi kutoka likizo Jumatatu. Mimi naanza kumpeleka deikea wiki mbili kabla ya kurudi, kwanza masaa mawili nikiwa pale pale, halafu nusu siku, na friza tayari ina chupa zimeandikwa tarehe. Wakikataa zile siku mbili za nyumbani, nitang'ang'ania ya saa tisa na nusu, hiyo siwezi kuiachilia. Baba yake ameomba kwao pia aingie kuchelewa ndio asubuhi awe ni yeye anayempeleka, na kwake wamekubali bila hata barua.