Daraja la Alexandra na Sandton niliyoikuta

Wenzangu mliozaliwa Mazimbu, Morogoro, kwenye makazi ya wakimbizi wa Afrika Kusini, na kuletwa Johannesburg na wazazi baada ya vyama vya ukombozi kuruhusiwa tena mwaka 1990, Alexandra, au Alex, ule mtaa wa mafukara, mnaijua, kwa hiyo sitawachosha kwa habari za vibanda vya uani, foleni ya bombani na mto Jukskei unapofurika. Nimerudi baada ya miaka mingi ya Uingereza, na kilichonikera kuliko yote ni kitu ambacho hapa kinasifiwa: daraja la waenda kwa miguu na baiskeli lililojengwa juu ya barabara kuu ya M1, kati ya Alex na Sandton, mtaa wa matajiri.

Ni daraja zuri, sikatai. Ujenzi wake ulidai damu, kwani Oktoba 2015 vyuma vya jukwaa la mafundi viliporomokea magari yaliyokuwa yakipita chini, wakafa watu wawili. Asubuhi moja nilisimama pale kuwatazama wapitao, na karibu wote walikuwa wakielekea upande mmoja. Wanawake walivaa raba na kubeba viatu vya kazini katika mfuko wa plastiki, kama alivyofanya mama yangu, ambaye alibadilishia langoni kwa tajiri wake ili asiingie na vumbi la Alex sebuleni. Jioni msafara ule hugeuka. Jiji halimjengei mtu daraja la kwendea kazini kwa miguu isipokuwa kama limeshakubali kwamba ataendelea kuishi kule kule, na kwamba nauli hatakuwa nayo.

Gautrain, treni ya mwendo kasi iliyoanza Juni 2010 siku chache kabla ya Kombe la Dunia, ina kituo Marlboro, ukingoni kabisa mwa Alex, lakini nauli yake haikupangwa kwa kumfikiria mfagiaji. Nyumba za serikali zilizogawiwa tangu 1994 ni mamilioni, na hilo ni jambo kubwa. Ila nyingi zilijengwa pembezoni ambako ardhi ni rahisi na kazi hakuna, hivyo kile ambacho mtu anaokoa kwenye kodi hukimalizia kwenye teksi, yaani daladala za huku. Ndiyo maana watu wanazidi kubanana Alex, mtaa ulioanzishwa mwaka 1912, mwaka mmoja kabla ya sheria iliyowazuia Waafrika kununua ardhi: ni mahali pa nadra ambapo fukara anaweza kufika kazini kwa miguu yake. Mwaka 2001 Thabo Mbeki, rais wa wakati huo, aliutangazia mtaa huo mradi wa randi bilioni 1.3, na vibanda vya uani bado vipo.

Katikati ya jiji sina hamu ya kupaeleza sana. Soko la hisa lilihamia Sandton mwaka 2000, na makampuni mengi yalikwisha kuondoka au yakalifuata. Agosti 2023 jengo la Usindiso liliungua na kuua watu zaidi ya 70, Watanzania wakiwamo; lilikuwa mali ya jiji, na zamani za ubaguzi ndimo Waafrika walimokaguliwa pasi zao, vile vibali vya kuwamo mjini.

Mnaofikiria kurudi na pauni zenu, msidanganywe na mandhari ya roshani. Ulizeni kwanza kama jengo lina tangi la maji na jenereta, maana wenye nacho wameshaacha kulitegemea jiji, na wanaolitegemea hawana wa kumlalamikia. Ulizeni pia dirisha linatazama wapi. La kwangu linatazama mashariki, iliko Alex, na wakala alinipunguzia kodi kwa sababu hiyo.

Dada anayenifanyia usafi hutoka Alex kwa miguu. Nilimwambia nitamwongezea pesa ya teksi. Akanishukuru, akasema atatembea vilevile, pesa hiyo atanunulia sare za shule za wanawe.